Karo la nyumbani: maswali matano ya msimu wa mvua

Tangu mvua zianze, wengi mnaniuliza jambo lile lile: choo kinarudisha, uwanja unanuka. Nimechagua matano. Karo ni tangi lenyewe la maji taka. Shimo la kufyonzea ni lile lililojazwa mawe, linalopokea maji yanayotoka kwenye karo.

*Fundi, nyumba yetu Kireka ina miaka 9 na karo halijanyonywa hata mara moja. Mume wangu anasema karo zuri halijai.*

Dada, karo limejaa maji wakati wote, na ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kinachoongezeka ni tope. Uchafu mzito huzama, mafuta huelea yakafanya utando, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda shimoni. Vijidudu vinakula sehemu ya tope, si lote. Tope likipanda sana, linaanza kutoka pamoja na maji na kuziba udongo wa shimo. Hapo ndipo pesa zinapoteketea. Kunyonya karo ni kazi ya siku moja, lakini shimo lililozibwa na tope mara nyingi huchimbwa jipya, na kwenye ploti zetu za Kampala wengi hawana tena pa kulichimba.

Kwa familia ya kawaida, karo hunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Ukiwa na wapangaji, mapema zaidi. Ila mimi napenda watu wapime. Fungua mfuniko wa chumba cha kwanza, weka watoto mbali, usiiname juu ya tundu na usiwashe moto karibu. Chukua mti mrefu, uviringishe kitambaa cheupe upande wa chini, uteremshe polepole mpaka sakafuni. Subiri dakika chache, kisha utoe. Weusi ulioganda kwenye kitambaa ndio kimo cha tope. Likifikia theluthi ya kina cha karo, ita lori la kunyonya. Kwa miaka 9, dada, liite hata kabla ya kupima. Na mwulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Lubigi, Kampala, kuna mtambo wa kusafisha tope la vyoo tangu 2014. Asiyetaka kutaja mahali huenda anamwaga mferejini, na mifereji hiyo inaishia Ziwa Victoria au Kyoga.

*Asalaam aleikum. Hapa Bombo mvua ikinyesha choo kinabwabwaja na maji yanapanda. Jua likitoka kinatulia.*

Waaleikum salaam, mama. Anza na paa. Fuata bomba la mfereji wa mabati uone linaishia wapi, kwa maana nimekuta nyumba nyingi ambazo maji ya mvua yameelekezwa kwenye karo ili yasituame uani. Piga hesabu: paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 30 linakusanya lita 3,000. Mkondo huo unavuruga tope na kulisukuma mpaka shimoni. Yahamishie kwenye tangi la kuvunia maji au mtaro, mbali na shimo.

Kama paa halina kosa, basi udongo umeloa na shimo halifyonzi tena. Punguzeni maji kwa siku hizo, nguo zisifuliwe zote Jumamosi moja. Na kama karo lenu ni la plastiki, msilinyonye likabaki tupu ardhi ikiwa imejaa maji. Maji ya chini yanaweza kuliinua na kuvunja mabomba.

*Dukani Arua wanauza unga wa kumaliza tope. Ninunue?*

Usinunue, ndugu. Vijidudu vinavyohitajika vinaingia kila mtu anapokwenda chooni. Vilinde tu: usimwage dawa kali za kuua vijidudu kwa madumu, wala mafuta ya kukaangia. Pedi, nepi na kondomu ziende kwenye taka.

*Busia vijana wawili wamekubali kushuka kuchota tope kwa ndoo, kwa bei nafuu kuliko lori. Niwape?*

Hapana, mzee wangu, nakuomba sana. Ndani ya karo kuna hewa yenye sumu, na hewa ya kupumulia ni kidogo. Harufu ya mayai viza si ya kutegemea kama onyo, kwa sababu sumu ikizidi pua hupoteza uwezo wa kuinusa. Anayeshuka anaweza kuzimia kwa pumzi chache, na mwenzake anayemfuata kumwokoa hufa naye. Kuacha mfuniko wazi asubuhi nzima hakuondoi hatari hiyo. Lori lisipofika, tafuta watu wenye pampu ya mkono inayotumika mtu akiwa juu. Ndoo na kamba warudi nazo nyumbani.

*Mukono tunachimba kisima. Kikae umbali gani na shimo?*

Mita 30 au zaidi, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Waulize na majirani mashimo yao yako wapi, maana la jirani linaweza kuwa karibu kuliko lako.