Panadol siku ya Jumapili kwenye mji mdogo wa Ufaransa
Umeuliza kama Jumapili utapata Panadol supamaketi hapa Ufaransa. Hapana ndugu, hutaipata hata ikiwa wazi. Huku dawa zinauzwa famasi tu kisheria, hata ya kichwa, na tangu Januari 2020 paracetamol (ndiyo dawa iliyo ndani ya Panadol) haikai tena kwenye rafu za kujichukulia mwenyewe, unamwomba mfamasia. Ukifika usiseme Panadol, sema Doliprane, dawa ni ileile.

Jumapili nenda famasi yoyote yenye msalaba wa kijani, hata kama imefungwa. Mlangoni huwa wamebandika karatasi inayoonyesha iliyo zamu, wanaiita pharmacie de garde. Au piga 3237, namba ya kuulizia famasi ya zamu. Kwa sisi wa miji midogo hiyo ya zamu mara nyingi iko mji wa jirani na mabasi ya Jumapili ni shida, kwa hiyo piga simu kwanza kabla hujatoka. Usiku baadhi ya sehemu lazima upitie polisi au gendarmerie (askari wa usalama wa miji midogo na vijijini) ndipo wakufungulie, na kuna nyongeza ya malipo.

Ila kama mgonjwa ni mtoto mchanga mwenye homa, achana na famasi, piga 15, namba ya dharura ya matibabu, sasa hivi uongee na daktari.