Nasaga meno usiku, taya zinauma jioni

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nauza viazi soko la Mwanjelwa. Mume wangu analalamika kwamba nasaga meno usiku, eti ni kama kulala jirani na mashine ya unga. Sasa taya zinaniuma mpaka kwenye panja, hasa jioni nikifunga biashara. Mama mkwe anasema ni minyoo. Nimemeza dawa mara mbili, wapi. Na mkopo wa kausha damu nao unaniandama, marejesho kila siku. Nifanyeje? – Mama Viazi, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Kwa minyoo mama mkwe msamehe, hata mimi nilimezeshwa dawa utotoni kwa kosa hilohilo. Kusaga meno kunaanzia kichwani: usingizi unashtuka kidogo bila wewe kuamka, misuli ya taya inajikaza, mume anasikia mashine.

Ila mimi nimekwama kwenye neno lako moja: jioni. Anayeumizwa na usiku kwa kawaida huamka taya zimekakamaa, halafu zinalegea kadiri jua linavyopanda. Wewe ni kinyume. Tena wapo wanaosaga kila usiku miaka nenda rudi na hawajui maumivu ya taya. Hata watafiti waliowapima watu wakiwa usingizini waliona wingi wa kusaga hauendi sambamba na ukubwa wa maumivu. Kwa hiyo usiku nisingeukamata kama mwizi peke yake.

Weka vidole mashavuni, mbele ya masikio na chini kidogo, kisha uma meno. Umesikia kitu kinatuna? Ndiyo misuli yenyewe. Sasa niambie ukweli: yule wa marejesho akitokea pale kwenye kona ya soko, meno yako yanakuwaje? Nadhani unayabana kutwa nzima bila kujijua. Meno hayatakiwi kugusana ila unapotafuna au kumeza mate. Midomo ifunge, meno yaachane, ulimi utulie. Funga uzi mwekundu kwenye mizani yako. Kila ukiuona, legeza taya.

Jioni kanda mashavu kwa kitambaa cha maji ya moto, dakika 15 hivi, na kwa baridi ya Mbeya utafurahi mwenyewe. Miwa, mahindi ya kuchoma na bazoka pumzisha kwa wiki chache. Chai ya rangi ya usiku na pombe, kama unatumia, punguza.

Halafu nenda kwa daktari wa meno aangalie kama magego yamelika. Anaweza kukutengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku kwa kipimo cha mdomo wako. Kinakinga meno, kusaga hakikomeshi, usije ukasema umeibiwa. Na tafadhali usikimbilie kung'oa gego zima kwa sababu shavu linauma! Nimeona watu wamebaki na pengo, na maumivu palepale. Mdomo ukigoma kufunguka, au ukivimba na kupata homa, usingoje.

Mume naye mpe kazi: asikilize kama unakoroma kisha pumzi inakatika. Akisema ndiyo, mwambie daktari, maana hilo ni tatizo jingine.

Habari ya kausha damu niandikie tena, utaje kiasi kilichobaki na riba yake.