Jibu: Slaida za ubavuni, za bolti au za kuchomelea?
Mkuu, umeuliza kuhusu slaida, yaani vyuma vinavyofungwa ubavuni chini ya milango kuikinga na mawe kwenye njia mbaya: uchukue za bolti au za kuchomelea, na kama ngazi za kupandia zilizopo kwenye gari zinatosha. Ngazi hazitoshi kabisa. Zimetengenezwa kubeba mguu wa mtu. Gari likikalia jiwe zitajikunja na kubonyeza milango. Slaida ya kweli inabeba uzito wa gari lenyewe, kwa hiyo miguu yake lazima ishike chesisi (fremu ya chuma iliyo chini ya gari), si bodi.

Kama chesisi yako ni ya boksi, yaani imefungwa pande zote nne na ina uwazi ndani, za bolti zinafaa sana, na unaweza kuzifungua ukitaka kusafisha kutu. Ila bolti ikipita katikati ya boksi, ivalishe kipande cha bomba la chuma kwa ndani, la sivyo ukikaza, kuta za chesisi zitabonyea. Za kuchomelea ni imara zaidi, mradi kila mguu ukae juu ya bamba pana la kusambaza mzigo. Mguu ukichomelewa moja kwa moja, chesisi inaweza kupasuka pembeni mwa mshono, na hilo ni balaa. Kabla ya kuchomelea toa waya wa betri, na hakikisha paipu za breki na za mafuta ziko mbali na moto.

Acha nafasi kati ya slaida na bodi, maana bodi inakaa juu ya raba na inacheza. Mimi napenda zilizoinuka kidogo kuelekea nje. Zinakinga mlango vizuri zaidi. Baada ya safari ya kwanza, kaza bolti zote upya.