Wavu wa jiko unaopinda

SWALI: Mhariri, nina mkahawa mdogo mtaa wa Langoni, Lamu, na jiko langu la makaa limeundwa kwa pipa. Wavu unaoshika makaa, uliochomelewa kwa nondo nyembamba, hupinda kila baada ya miezi michache. Nifanyeje?

JIBU: Kabla ya kumlaumu fundi, bibi, inama utazame chini ya wavu. Hewa inayoingia kwa mlango wa jivu ndiyo inayochochea makaa, na ndiyo hiyo hiyo inayoupoza wavu. Jivu likirundikana hadi kuugusa, hewa hukatika, joto hukwama pale, na chuma hulainika kikapinda. Basi lizoe kila asubuhi, hata likiwa kidogo.

Utakapounda mwingine, agiza chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na kila ufito uwe mpana juu na mwembamba chini ili jivu lidondoke bila kunasa, kama zilivyo nyavu za tanuri za makaa ya mawe. Wavu huo usichomelewe kwenye pipa: chuma kikipata moto hurefuka, na kikikosa nafasi hubenuka. Uketi tu juu ya vishikizo, wenye upenyo mdogo pembeni. Na makaa usiyazime kwa maji (najua haraka ya kufunga mkahawa), kwa kuwa chuma cha kusubu kikiwa moto hupasuka.