Chaneli ya nyumbani ikizimwa kwenye dishi, nani anamdai nani?

Assalaam alaykum. Ndugu yetu wa Chake Chake ameeleza kwamba chaneli ya hapa Visiwani aliyoizoea imetoweka kwenye king'amuzi chake cha dishi tangu wiki iliyopita, ingawa kifurushi chake bado kina siku, na kwamba wakala amemshauri anunue dishi la kampuni nyengine. Anauliza kosa ni la nani na kama inafaa ahame. Mimi ni fundi wa madishi Wete, kazi hii ninaifanya mwaka wa kumi na mbili sasa, na jambo hili limenifika zaidi ya mara moja, kwa hivyo naomba nijibu kwa urefu.

Kabla ya lolote, fungua chaneli nyengine za kifurushi hicho hicho, kisha ingia kwenye mipangilio utazame nguvu na ubora wa mawimbi. Ikiwa nyengine zote zinaonesha vizuri na chaneli moja tu ndiyo nyeusi, dishi lako halina kosa, na usimruhusu fundi yeyote apande juu ya bati lako. Ninalisisitiza hili kwa sababu niliwahi kumkosea mtu. Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mstaafu anayekaa bondeni, nje kidogo ya mji wa Wete, aliniita siku tatu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kwa kuwa kituo anachokitegemea kwa khabari na kwa tangazo la mwezi kilikuwa kimezimika. Nilipanda mara mbili, nikakaza boliti, nikabadilisha kichwa cha dishi na nikamtoza thamani ya kichwa kipya. Siku ya tatu ndipo nilipobaini kwamba chaneli ile haipo katika nyumba yoyote yenye king'amuzi cha kampuni ile, kwa sababu kampuni na kituo walishindwa kuelewana juu ya malipo, na hakuna aliyetutaarifu, si mimi wala wakala. Nilimrejeshea mwalimu fedha zake, lakini tangazo la mwezi alikwenda kulisikiliza kwenye redio ya jirani.

Baadaye nilikutana na mtumishi wa kituo kile tukisubiri boti bandarini Mkoani, akanifafanulia mzozo wenyewe. Kampuni ya dishi ilitaka kituo kilipe ada ya kila mwezi ili chaneli yake iendelee kubebwa, na kituo kilijibu kwamba ni kampuni inayopaswa kulipa, kwa sababu watu wa Pemba hawanunui dishi ili watazame filamu za nje peke yake. Nimelifikiri sana jambo lile, na naona kila upande ulikuwa na hoja ya kweli. Setilaiti iko juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000, na kampuni hukodi nafasi ndani yake kwa fedha za kigeni. Nafasi hiyo ina mpaka, kwa hivyo kila chaneli inayoingizwa inachukua sehemu ambayo ingeweza kupewa chaneli nyengine yenye kuleta wateja zaidi. Kituo nacho kinagharimia watangazaji, kamera, mafuta ya jenereta na safari za kutoka Unguja kuja Pemba, kisha kinaiona kazi yake ikiwekwa ndani ya kifurushi na kuuzwa na mtu mwengine.

Duniani fedha hizi hazina mwelekeo mmoja. Marekani, sheria ya mwaka 1992 ilikipa kila kituo cha biashara cha mji haki ya kuchagua, kila baada ya miaka mitatu, ama kudai kibebwe na kampuni ya kebo bila ya malipo, ama kudai kwamba kampuni isiyarushe matangazo yake bila ya ridhaa yake, na ridhaa hiyo huuzwa. Kwa upande wa setilaiti, sheria ya mwaka 1999 iliziruhusu kampuni kuwarushia wateja vituo vya miji yao, kwa sharti kwamba kampuni ikibeba kituo kimoja cha mji chini ya ruhusa ile, ivibebe na vyengine vya mji huo vinavyoomba. Matokeo ya ridhaa kuwa bidhaa ni kwamba mkataba unapomalizika bila ya makubaliano, skrini huwa nyeusi. Tarehe 1 Septemba 2024 chaneli za Disney, pamoja na vituo vya mtandao wake wa ABC inavyovimiliki katika miji mikubwa, ziliondoka kwa wateja wa kampuni ya dishi ya DirecTV, na zilirejea tarehe 14 ya mwezi huo. Hapo msimu wa mpira wao wa miguu wa Kimarekani ndio kwanza ulikuwa unaanza, na sidhani kama ni sadfa, kwa sababu mkataba unaokwisha wakati watu wana hamu ya kutazama humpa nguvu mwenye chaneli.

Uingereza ilikuwa kinyume chake: kwa miaka mingi BBC, shirika lao la umma, ndiyo iliyoilipa kampuni ya dishi ya Sky mamilioni ya pauni kila mwaka kwa kutumia mtambo wake, mpaka malipo hayo yalipoondolewa mwaka 2014. Mwaka 2003 BBC ilikuwa imekwisha kuacha kufunga matangazo yake ya setilaiti kwa kadi, ikayaacha wazi kwa kila mwenye dishi. Kwa jirani zetu wa Kenya, vituo vikubwa viliwapeleka mahakamani StarTimes na GOtv, kampuni za ving'amuzi vya kulipia, kwa kubeba chaneli zao bila ya idhini, na Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu Septemba 2014 haikukubali kwamba kubeba huko, chini ya kanuni inayowalazimisha wenye ving'amuzi kubeba chaneli za bure, kulikuwa ni kuvunja hakimiliki.

Kwetu sisi, wengi wanakumbuka mwaka 2018, pale chaneli za bure za ndani zilipotolewa kwenye ving'amuzi vya dishi vya kulipia. Lile halikuwa gomvi la ada, na ninaomba lisichanganywe na haya. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilisema kwamba leseni za kampuni zile hazikuziruhusu kuziweka chaneli za bure ndani ya huduma ya kulipia, na kampuni zikatii. Mtazamaji aliyekaa mbele ya skrini nyeusi hakuona tofauti yoyote, lakini tofauti ipo, kwa sababu amri ya leseni huondolewa kwa kubadilisha kanuni, na gomvi la ada humalizwa na wawili waliotia saini mkataba. Zaidi ya hapo, utangazaji hapa Zanzibar unasimamiwa na Tume yetu ya Utangazaji, ilhali mawimbi ya setilaiti hayaishii kwenye mnara wa taa wa kisiwa cha Chumbe. Ndiyo maana mtu wa Pemba akiwa na malalamiko hujikuta anaelekezwa huku na huku.

Rai yangu ni kwamba kituo cha umma kisitozwe ada ya kubebwa hata senti moja. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi, wakati Bara hakukuwa na televisheni kabisa, na ilianzishwa kwa fedha za wananchi. Shirika la Utangazaji Zanzibar, ambalo ndilo lenye televisheni hiyo sasa, likilazimishwa kuilipa kampuni ya dishi, mwananchi atakuwa amelipa mara tatu kwa khabari moja: kwa kodi, kwa kifurushi, na kwa ada inayotoka katika bajeti ile ile ya kodi. Tena chaneli hiyo ibaki wazi hata kifurushi kikimalizika. Vituo binafsi ni jambo jengine, kwa sababu vinauza matangazo ya biashara na dishi huviongezea watazamaji wa kuwaonesha wenye kutangaza, kwa hivyo wakae na kampuni wapatane bei. Ninachodai kwao wote ni kwamba mteja aarifiwe mwezi mzima kabla, kwenye skrini na kwa ujumbe wa simu, na arejeshewe sehemu ya fedha zake pale kilichotolewa ndicho kilichomfanya anunue. Yule mwalimu alilipia mwezi mzima siku mbili tu kabla ya chaneli kuzimwa, na naamini waliokipokea kile kima walikuwa wanajua kinachokuja.

Sasa kuhusu kuhama. Usihame bado. Wakala amekueleza kana kwamba utabadilisha king'amuzi tu, lakini kampuni hizi hazitumii setilaiti moja. DStv iko kwenye setilaiti iliyo juu ya longitudo ya nyuzi 36 mashariki, ambayo kwa sisi wa Pemba iko karibu na utosi, na Azam iko kwenye ile ya nyuzi 7 mashariki, ambako dishi linapaswa kuinamishwa sana upande wa magharibi. Ukihama utalipa king'amuzi kipya na kazi ya fundi, na mara nyingi dishi na kichwa chake, na kama kuna mnazi au mkarafuu upande wa magharibi wa nyumba yako utalazimika kutafuta mahali pengine pa kulisimamisha. Halafu gomvi kama hili likiikumba kampuni ya pili, utarudi hapo hapo ulipo leo.

Nenda kwa wakala ukiwa na risiti yako, umtake akujibu kwa maandishi kama chaneli imeondolewa kwa muda au moja kwa moja, kisha nakala ya jibu hilo uipeleke Tume ya Utangazaji. Wakati unasubiri, tafuta king'amuzi cha antena. Chake Chake kuna vilima na mabonde, kwa hivyo usiinunue antena kabla ya kuazima ya jirani ukaijaribu juu ya paa lako, kwa kuwa nyumba mbili zilizopishana hatua mia zinaweza kutofautiana kabisa. Yule mwalimu wa bondeni ilibidi tumsimamishie mlingoti wa mita tisa, na tangu hapo chaneli ile anaipata kwa antena, dishi likiwa na kifurushi au halina.