Gari kuchemsha foleni baada ya fundi kutoa themostati

Pole ndugu. Umesema gari inachemsha kwenye foleni ya Mandela, ikikimbia inapoa, na fundi kaitupa themostati eti "Dar joto, haina kazi", na sasa inakunywa mafuta zaidi. Hapo kakuongezea tatizo. Themostati ni valvu ya maji ya injini: hukaa imefunga hadi maji yafikie nyuzi 82 hivi, ndipo inafungua njia ya rejeta, yaani kipoza maji. Ukiitoa, injini inakaa baridi barabarani na kunywa mafuta kama ulivyoona. Kuna injini ambazo bila themostati maji mengi hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, basi zinachemsha zaidi!

Ila kuchemsha ukiwa umesimama kwanza angalia feni ya rejeta. Washa AC gari ikiwa imesimama. Kwa gari nyingi feni inatakiwa kuzunguka papo hapo. Kama kimya, kagua fyuzi, rilei (swichi ya umeme ya feni) na mota.

Themostati nunua mpya, Kariakoo zimejaa, ila ijaribu kwanza: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, uone ikifunguka kabla hayajachemka. (Mke wangu hajanisamehe ile sufuria.) Weka kulanti (kimiminika maalum cha kupoza injini), siyo maji ya bomba, utoe hewa yote kwenye mfumo. Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto.