Baa nzima ndani, choo nje

Mhariri, wiki hii umeuliza: "Ni mahali gani palipobomolewa mtaani kwenu unapopakumbuka mpaka leo, na kwa nini?" Mimi nakumbuka baa, mnisamehe.

Ilikuwa Kimara Temboni, nyuma ya maduka yaliyotazama barabara ya Morogoro. Jina lililoandikwa ukutani hakuna aliyelitumia. Tulisema "kwa Shangazi", ingawa mwenyewe hakuwa na undugu na mtu yeyote mle ndani. Uwanja wa mbele ulikuwa vizibo vitupu, vimekanyagwa miaka na miaka hadi vikashikana na udongo. Mvua ikinyesha mtaa mzima ni tope, ila pale unaingia na viatu safi.

Watu walikuwa wale wale. Mwalimu mstaafu na Safari yake ya moto, chupa mbili, ya tatu sikuwahi kuiona. Konda wa daladala aliyefika saa nne usiku sauti imekauka, anaagiza kwa vidole. Na fundi seremala, bingwa wa drafti. Bodi ilikuwa kipande cha plaiwudi, kete ni vizibo: vyako vimelala chali, vya mwenzako kifudifudi. Fundi hakujua kucheza kimya. Kila akila kete mbili anamuuliza mpinzani kama ameaga nyumbani.

Madeni yaliandikwa kwenye kauntabuku, kwa jina alilokupa Shangazi mwenyewe. Mimi nilikuwa Miwani. Siku moja mke wa konda alikuja akitaka asomewe ukurasa wa mumewe. Shangazi alilifunika daftari, akalikalia, akamfungulia mgeni soda.

Mwaka 2017 tukaikuta X nyekundu ukutani. Hifadhi ya barabara, tukaambiwa, ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Fundi hakuamini. Alileta futi kamba yake ya mita 5 tukapima jioni nzima, tukigombana kila tunapoihamisha. Mara ya 24 ikaishia ndani ya banda la mishikaki. Mita moja na nusu iliyobaki ikagota kwenye ukuta wa choo, upande wa kwetu. Baa nzima ndani, choo nje. Mwalimu akasema basi, angalau wametuachia sehemu yenye kazi.

Usiku wa mwisho Shangazi hakuhangaikia viti wala runinga, alihangaikia kreti. Ukienda kuchukua bia bila chupa tupu, unalipia na chupa, na mtaji wake wote ulikuwa humo. Tulizibeba wawili wawili hadi kwa jirani aliyekuwa nje ya mstari, mwalimu akihesabu kwa sauti kama yuko darasani. Tulipomaliza kukawa na supu ya makongoro. Kesho yake katapila halikutumia hata robo saa. Choo kikabaki kimesimama peke yake katikati ya kifusi, kimefungwa kufuli, na ufunguo anao Shangazi.

Leo Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ni njia nane. Siilaumu barabara. Waliokuwa wakikaa kwenye foleni ya zamani wananielewa. Ila konda alihamia Chanika, mwalimu alirudi kwao Same, na mimi nakunywa sebuleni, ya baridi, bila mtu wa kuniuliza kama nimeaga.

Mwaka jana nilimkuta Shangazi sokoni Mbezi, anauza vitunguu. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba, Miwani," bila hata kufikiri. Deni langu nililikumbuka vizuri, kwa hiyo nikatoa elfu kumi na nne. Akazihesabu taratibu, akanirudishia elfu mbili.

"Ile supu ilikuwa ofa," akasema, akamgeukia mteja.